Nyuzi Zenye Pindo Nyekundu

Jumatatu, 4 Machi. Milimita 3.

Mwalimu wa jiografia amekwenda likizo ya uzazi. Ameniachia kipimamvua chake kilichoko nyuma ya maabara, pamoja na daftari hili. Kazi yenyewe ni ya dakika mbili: kila asubuhi nasoma kiasi cha mvua, naandika, namwaga maji. Kurasa ni kubwa na tarakimu ni ndogo, kwa hiyo nafasi inayobaki nitaijaza mambo yangu.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mke wangu ni karani wa posta. Tuna mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na minne, ambaye kwa urefu na wembamba wake kila mtu anamwita Sindano. Yuko kidato cha pili, na muhula huu, kwa bahati yake mbaya, ninamfundisha mimi.

Jumanne, 5 Machi. Milimita 0.

Jua. Hakuna jipya.

Alhamisi, 7 Machi. Milimita 11.

Leo seli ya mnyama. Nina chati niliyoichora mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini, na somo lenyewe naweza kulitoa nimefumba macho. Utando unachagua kinachoingia na kinachotoka. Kiini kinatunza maelekezo. Ribosomu zinaunda protini, Golgi inazifungasha na kuzipeleka zinakotakiwa, lisosomu zinameng'enya taka. Mitokondria zinatoa nishati. "Andikeni nishati, ni alama moja," nikasema, wakaandika.

Aliyefumba macho kweli ni Sindano. Kope zimeshuka nusu, kidevu kiganjani. Nikamsimamisha mbele ya wenzake arobaini.

"Mitokondria zinafanya kazi gani?"

"Zinatoa nishati, mwalimu." Shuleni ananiita mwalimu.

"Na zako ziko likizo?"

Darasa zima likacheka. Yeye pia alicheka kidogo. Nilitoka pale nikijiona mcheshi sana.

Jumapili, 10 Machi. Milimita 6.

Mama mkwe alikuja kula nasi mchana. Ana kisukari, kwa hiyo mke wangu anampikia chakula chake kando, naye anakilalamikia kwanza kisha anakimaliza chote.

Kobe naye alikuwepo, maana anaishi nasi. Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana miaka thelathini na minane. Yuko katika chumba cha uani, anatengeneza redio na saa za watu akiwa amekaa. Kila kitu anakifanya amekaa. Kope zake zimeshuka kiasi kwamba akitaka kukutazama inabidi ainue kidevu, na wasiomjua wanadhani anaringa. Kutoka chumbani kwake hadi bombani anapumzika mara moja. Amewahi kufukuzwa kazi mbili, ya ghalani na ya ulinzi, zote kwa kosa la kukaa chini. Jina la Kobe alipewa na mama yake mzazi.

Baada ya kula, Sindano aliosha vyombo nusu, akavuta kigoda, akaketi. Mama mkwe akamwonyesha kwa kidole.

"Mwangalieni. Kamrithi mjomba wake. Nyumba hii imepata Kobe wa pili."

Tulicheka sote, hata Kobe. Sindano hakucheka.

Jumatano, 13 Machi. Milimita 24.

Sindano kachelewa shule, mara ya pili wiki hii. Nimemwambia akirudia ataadhibiwa kama wengine, asidhani nitambeba.

Ijumaa, 15 Machi. Milimita 31.

Akarudia. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu. Wachelewaji walikuwa tisa, nikawaambia wazunguke uwanja mara tatu. Mvua ilikuwa imepungua lakini nyasi zimelowa na matope yanavuta viatu.

Wanane walimaliza. Yeye alikuwa hajafika hata nusu ya mzunguko wa kwanza, anatembea, mkono mmoja kiunoni. Nikapaza sauti: "Acha uvivu. Kimbia."

Nataka niandike hili sawasawa ili nisije nikajidanganya baadaye. Alinisikia, akakimbia. Alikimbia hatua kama ishirini. Kisha miguu ikakunjika chini yake, akakaa kwenye matope taratibu, kama mtu aliyekata shauri. Nilipomfikia alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima, na mapaja yanamtetemeka.

"Baba," akasema. Hakusema mwalimu. "Si kwamba sitaki. Inakwisha."

"Nini inakwisha?"

"Nguvu. Nakuwa nayo, halafu inakwisha."

Nikambeba hadi kwenye gari la mwalimu mkuu. Alikuwa mwepesi, na mimi sikuwa nimelijua hilo kwa sababu ni miaka mingi sijambeba.

Jumamosi, 16 Machi. Milimita 19.

Hospitali. Wamepima damu. Ina asidi nyingi, ile inayojikusanya katika misuli ya mtu aliyekimbia sana. Muuguzi akaniuliza mtoto alikuwa anafanya nini. Nikamwambia alikimbia hatua ishirini. Akatazama karatasi yake tena.

Jumatatu, 18 Machi. Milimita 8.

Bado amelazwa. Kazini sikwenda.

Alhamisi, 21 Machi. Milimita 27.

Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu anakuja hospitali yetu kila Alhamisi. Ni kijana, anasema chinichini, haachi kuandika hata unapomsalimu. Nikamchukia papo hapo.

Alimwambia Sindano atazame juu, darini, asishushe macho. Tukasubiri. Kope zikaanza kuteremka zenyewe, polepole, wakati mtoto anakaza uso kwa nguvu zote kuzizuia. Daktari akaacha kalamu.

"Upande wa mama," akauliza, "kuna mtu mwenye kope kama hizi?"

"Mdogo wangu," mke wangu akajibu. "Lakini yule ni mvivu tu."

"Nani alisema ni mvivu?"

Mke wangu akanitazama.

"Kisukari kipo?"

"Mama yangu."

Akaandika, uso ameuinamisha, na swali lililofuata akaliuliza akiwa vivyo hivyo. "Kuna mtu mwenye shida ya kusikia?"

"Unasemaje?" mke wangu akauliza, na kumgeuzia sikio lake la kulia.

Daktari akainua uso. Mimi nikamshika mke wangu mkono. Miaka kumi na sita nimekuwa nikinung'unika kwamba nikimwita haitiki, ana dharau.

Daktari akasema anataka kipande cha msuli.

Jumatatu, 25 Machi. Milimita 14.

Wamekata pajani, kipande kidogo kama punje ya mchele. Kimepelekwa hospitali ya rufaa. Sindano amerudi nyumbani. Anatembea na bandeji yake kutoka kitandani hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi kitandani.

Jumatano, 27 Machi. Milimita 22.

Majibu bado.

Ijumaa, 29 Machi. Milimita 40.

Majibu bado. Uwanja umejaa maji mpaka kwenye milingoti ya magoli. Naupitia mbali.

Alhamisi, 4 Aprili. Milimita 9.

Bado. Leo nimemtazama Kobe akienda bombani. Alipumzika palepale anapopumzika siku zote, mkono ukutani, na ukuta pale umeingia weusi kwa kushikwa. Nimeishi naye nyumba moja miaka saba, na alama ile sikuwahi kuiona.

Jumatano, 10 Aprili. Milimita 17.

Daktari alinipigia simu niende hospitali ya rufaa. Akanipokea mtaalamu wa maabara, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza kwa kamba. Chumba chake kinanukia spiriti na kimejaa visanduku vya vioo vyembamba, kila kimoja kimeandikwa kwa penseli.

"Nasikia wewe ni mwalimu wa biolojia," akasema. "Basi sitakueleza. Njoo uone mwenyewe."

Alianza na msuli wa mtu mzima wa afya. Nikainama kwenye hadubini. Nyuzi zilikuwa zimekatwa kwa upana, kama fimbo zilizofungwa pamoja na kukatwa kwa msumeno, ukitazama vichwa vyake: vipande vingi vya buluu nyepesi, vimepangana, kila kimoja na pembe zake. Nikasema ni vizuri. Akabadilisha kioo.

"Huyu ni mwanao."

Vipande vilikuwa vilevile, lakini hapa na pale kimoja kilikuwa na pindo nyekundu kukizunguka, nzito, iliyochanika-chanika kama ukingo wa nguo kuukuu. Nikahesabu tisa, nikaacha.

"Huo wekundu ni nini?"

"Mitokondria. Zimelundikana ukingoni."

"Zimekuwa nyingi? Mimi nilidhani zimepungua."

"Kila mtu anadhani hivyo." Akavuta kigoda, akaketi karibu yangu. "Unajua kwamba mitokondria zina maelekezo yake zenyewe, mbali na yale ya kiini. Katika maelekezo ya mwanao herufi moja imekosewa. Si katika zote. Kuna nzima na kuna zenye kosa, zimechanganyika. Zenye kosa zinatoa nishati kidogo. Sasa seli ikipungukiwa inafanya nini? Inatengeneza nyingine. Nazo zina kosa lilelile. Inatengeneza nyingine tena. Haichoki kutengeneza, mpaka zinajaa ukingoni kama unavyoona."

Kisha akanipa picha ya hadubini ya elektroni, kubwa kama ukurasa wa daftari hili. Kwenye chati yangu mitokondria ni maharagwe matatu ya rangi ya chungwa. Hapa zilikuwa kundi, zimebanana, na ndani ya kila moja mikunjo. Zile nzima mikunjo yake imepangwa kama karatasi za kitabu. Zile zenye kosa imejizungusha duara ndani ya duara, kama alama ya kidole gumba. Nikauliza ni ngapi ndani ya seli moja ya msuli.

"Maelfu. Na hazitulii kama kwenye picha. Zinaungana, zinagawanyika, zinasafirishwa huku na huku juu ya nyuzi nyembamba. Zikichakaa lisosomu zinazimeza na kuzitumia upya. Hapo ulipokaa, mwalimu, ndani yako hivi sasa, kazi hiyo inaendelea."

Nikautazama mkono wangu. Ni mkono wa kawaida, una chaki kwenye kucha. Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya watoto na jambo hili limo ndani yangu na ndani yao, na nililowapa ni neno moja la kuandika.

"Zinatoka kwa mama," akaendelea. "Za baba zinaishia kwenye yai. Kwa hiyo za mwanao zimetoka kwa mkeo, na kwa mama wa mkeo, na kwa mama yake, nyuma hivyohivyo bila kukatika, hadi huko ambako hapakuwa na watu, ambako kiumbe kidogo kilichokuwa kinajitegemea kiliingia ndani ya kingine, na hakuna aliyemwua mwenzake."

"Hiyo nayo naifundisha."

"Inapewa alama ngapi?"

"Moja."

Hakucheka. Akaweka tena kioo cha Sindano chini ya lenzi, akakisogeza kidogo kwa ncha ya kidole.

"Nimetazama misuli miaka ishirini na sita," akasema. "Wenye nyuzi hizi wakifika kwangu huwa wameshaitwa wavivu. Wengi wao. Lakini tazama hiyo yenye pindo kubwa. Katika kipande chote hiki, hakuna seli iliyojitahidi kuliko hiyo."

Nikatazama mpaka machozi yakaufunga ule mwanga. Yule mama alijifanya anatafuta kalamu.

Alhamisi, 11 Aprili. Milimita 33.

Daktari ametueleza. Dawa ya kurekebisha ile herufi haipo. Kuna vitamini za kusaidia, kula kidogo kidogo mara nyingi, mazoezi mepesi, kupumzika kabla ya kuchoka na si baada, na dawa fulani ambazo asipewe kamwe. Alieleza saa nzima, akachora, akarudia kwa mke wangu upande wa sikio zuri bila kuambiwa. Nilimwonea kijana huyu.

Nyumbani mke wangu alikaa jikoni hajawasha jiko.

"Nimempa mimi," akasema.

Aliyejibu ni Sindano, kutoka mlangoni. "Hata zile zinazofanya kazi umenipa wewe, mama. Sina nyingine."

Ijumaa, 12 Aprili. Milimita 12.

Nimemwomba radhi. Nilijiandaa maneno mengi kisha yakanikimbia yote, nikasema tu: "Siku ile uwanjani uliniambia ukweli, na siku ile darasani nilikucheza shere. Nimekukosea."

"Kwa hiyo si uvivu?"

"Si uvivu."

"Kuna siku hata mimi nilikuwa naamini ni uvivu. Nilikuwa najitukana."

Hilo limeniingia kuliko yote. Akaomba aone ile picha. Akaiweka magotini, akaifuata mikunjo kwa kidole, moja baada ya nyingine, zile nzima na zile zilizojizungusha.

"Zinapendeza," akasema. "Zinajua kwamba hazitoshi?"

"Hazijui chochote."

"Lakini zinaongezeka."

"Zinaongezeka."

Jumatatu, 15 Aprili. Milimita 20.

Daktari anataka familia yote ya upande wa mama ipimwe, na Kobe kwanza, moyo wake hasa. Kobe hataki.

"Shemeji, mimi nimeshazoea," akaniambia, bisibisi mkononi, hajaiacha redio ya mtu. "Wataniambia nini? Kwamba ninachoka? Hilo najua."

Nikashindwa. Alikwenda Sindano na picha yake. Nilikuwa mlangoni, nikamwona Kobe akiinua kidevu ili aione.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu. Ya kwako huenda inafanana."

Akaitazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama ndani ya saa. "Na hizi zilizojaa?"

Sindano akamweleza, kwa maneno yake, vizuri kuliko mimi. Seli inapungukiwa, inaongeza, inapungukiwa, inaongeza.

"Kwa hiyo miaka yote hii kulikuwa na kitu," Kobe akasema. Akaiweka bisibisi mezani. "Niachie hii picha kidogo."

Jumanne, 16 Aprili. Milimita 5.

Asubuhi tumemkuta kwenye benchi la nje, amevaa shati lililopigwa pasi, anatusubiri sisi, na daktari haji mpaka Alhamisi.

Alhamisi, 18 Aprili. Milimita 29.

Mapigo thelathini na manne kwa dakika. Daktari alihesabu mwenyewe, kisha akaweka mashine, kisha akahesabu tena. Akatuonyesha kwenye karatasi: sehemu ya juu ya moyo inatuma ishara, na mara nyingine haifiki chini.

"Huwa unazimia?"

"Mara moja moja," Kobe akasema. "Nilijua ni usingizi. Watu wote wanasema nina usingizi."

Kwa mara ya kwanza nilimsikia daktari akipaza sauti, akimwambia muuguzi kwamba mgonjwa huyu hatoki hapa bila kuwekewa kifaa cha kuuendesha moyo. Upasuaji ni Jumatatu.

Nikiwa njiani nimewaza: misuli mingine yote inaweza kuketi. Moyo peke yake haujawahi kupewa kigoda. Na wa Kobe umepiga miaka thelathini na minane kwa mitokondria hizo, huku nje tunamcheka.

Jumamosi, 20 Aprili. Milimita 44.

Hakungoja Jumatatu.

Tulikuwa naye wodini saa nne asubuhi, mimi na mke wangu, ananieleza kwamba redio ya jirani ina tatizo la waya tu, nimwambie asinunue nyingine. Katikati ya neno akanyamaza. Nikadhani anatafuta neno. Macho yalikuwa wazi, wazi kabisa, sijawahi kuyaona wazi namna ile. Kwenye skrini mstari ulikuwa umenyooka.

Mke wangu akamwita kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo nilikuwa nimekaribia kulisahau. Muuguzi alifika kabla sijapata sauti, akamkandamiza kifua mara moja, mbili, mara ya tatu. Mstari ukapanda. Muuguzi alisema zilikuwa sekunde kumi na mbili. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kuwaza mazishi yake na kila mzaha niliowahi kumfanyia.

"…asinunue nyingine," Kobe akasema, kwa sauti ndogo, na kushangaa kwa nini dada yake analia.

Walimpasua saa saba. Saa tisa daktari wetu, aliyekuja siku isiyo yake kusimama na wapasuaji, alitoka akiwa na jasho kwenye kola. "Kinafanya kazi," akasema, akaketi pamoja nasi kwenye benchi, hakuandika kitu.

Jumapili, 21 Aprili. Milimita 2.

Mapigo sabini. Uso wake una rangi ambayo hatukujua kwamba ilikosekana.

Jumatano, 24 Aprili. Milimita 10.

Leo mama mkwe amekuja hospitali. Alikuwa amekataa siku zote nne, anasema miguu inauma. Aliketi kwenye kiti kando ya kitanda cha mwanawe, kanga ameivuta mpaka usoni, na hakumtazama Kobe, alinitazama mimi.

"Mwalimu, nieleze hayo mambo. Lakini usinisomeshe."

Nikamweleza. Nikasema kwamba mwili wote ni vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila chumba kuna vitu vinavyokoka moto wa kuishi. Kwamba tunavipata kwa mama. Kwamba vya ukoo huu vingine vina hitilafu, na kwamba mtu mwenye navyo hujikaza kuliko wengine ili afike nusu ya walipofika. Sikutaja yai wala herufi. Nikamaliza.

Akaishusha kanga usoni. Kisha akamgeukia Kobe.

"Nilikusema mbele za watu," akasema. "Ulipokuwa mdogo nilikufungia nje, uteke maji ndipo ule. Ulikaa pale bombani mpaka jioni."

"Nakumbuka, mama."

"Sikujua."

"Hata mimi sikujua."

Akaushika mkono wa mwanawe, akauweka mapajani kwake, akaufunika kwa kanga. Mke wangu alikuwa amesimama dirishani na Sindano amekaa ukingoni mwa kitanda. Mvua ilikuwa inanyesha nyepesi, ya kumalizia.

"Na mimi," mama mkwe akaniuliza, "nilivipata kwa nani?"

"Kwa mama yako."

"Mama yangu." Akalitamka kama mtu aliyesimamishwa njiani. "Mama yangu alikuwa akitoka kisimani anakaa chini. Kila baada ya miti michache anaitua ndoo, anakaa. Wanawake wanampita, wanacheka. Mimi nilikuwa nabeba kibuyu changu, naona haya, natangulia mbio. Namwacha peke yake."

"Alikuwa anafika?" Kobe akauliza.

"Alikuwa anafika. Sisi tumeshakula, jua limeshatua, tunamsikia anakohoa uani. Kila siku. Na ndoo imejaa mpaka juu, hajamwaga."

Sindano akasogea karibu, akamwekea bibi yake kichwa begani.

"Rudia, bibi," akasema.

Akarudia.